Valvu Nane Kabla ya Jumapili

Jumanne, 4 Machi

Pikapu leo imetetemeka kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Nikisimama kidogo tu — inazima. Mteja mwenye sofa alikuwa nyuma ameshikilia sofa lake, akapaza sauti: tunasafiri au tunachekecha unga? Nikamwambia hiyo ni masaji, bure kabisa. Hakucheka.

Fundi wa kona kafungua boneti, kainamisha sikio kama daktari. Kasema valvu za kuingizia hewa zimejaa mkaa. Eti injini hii petroli inarushwa ndani ya silinda moja kwa moja, haipiti kwenye valvu ikaziosha. Basi moshi wa oili unagandia pale mwaka hadi mwaka, kama masizi kwenye sufuria. Niache gari kwake siku sita. Siku sita! Na Jumapili shemeji anakuja.

Niandike nisijidanganye: pikapu si yangu. Ni ya mama mkwe, aliachiwa na marehemu mzee. Mimi ndiye dereva, mwaka wa tatu huu nabeba mizigo ya watu, na nyumba nzima inakula hapo. Shemeji, kaka yake mke wangu, mtu wa tai na viatu vya kung'aa, anaitaka aipeleke kwake. Jana mezani mama mkwe kakata maneno: akija akaikuta inakwenda vizuri, inabaki. Akaikuta inakohoa, achukue.

Nikatabasamu.

Jumatano, 5 Machi

Nimeamua. Naisafisha mwenyewe, hapa hapa uani. Nimetazama video mara nne. Jamaa wa video ana gereji yenye sakafu safi kuliko meza yetu. Lugha yake siielewi, lakini mikono yake naielewa.

Mke wangu kauliza: umewahi kufungua injini? Nikamjibu nimewahi kufungua cherehani yako. Kasema ndiyo, na tangu siku hiyo nashona kwa mkono.

Nimetoa bomba pana la hewa ubavuni mwa injini. Boliti kumi na moja. Moja imeangukia mahali Mungu peke yake anapajua. Nikachungulia kwa tochi. Mama yangu! Matundu manane, kila moja jeusi kama pua ya mvuta tumbaku. Valvu zenyewe hata hazionekani.

Mama mkwe kaleta kigoda chake, kaketi mita moja kutoka kwangu. "Wewe endelea, baba. Mimi naangalia tu." Huyu mama akiangalia tu, unaweza kujikwaa hata kwenye sakafu tupu.

Alhamisi, 6 Machi

Siri ya kazi ni hii: valvu lazima iwe imefunga kabla hujaiosha. Ikiwa wazi, uchafu unadondokea ndani ya silinda. Na ili ifunge lazima uzungushe injini kidogo kidogo. Mafundi wanazungusha kwa spana kubwa kutoka chini. Mimi sina. Basi gia ya tano, magurudumu yaizungushe injini, na watu wasukume!

Kaja muuza mayai wa jirani, tunamwita Profesa kwa vile hakuna asilolijua. Kaja kinyozi na mteja wake, nusu ya kichwa imenyolewa, shuka bado shingoni.

"Sukuma! Basi! Rudini! Kidogo, jamani, kidogo!"

Nimewapeleka mbele na nyuma kama mwanamke anayepanga kabati. Profesa kahema, kauliza: kwa nguvu hizi si tungeisukuma tu mpaka kwa fundi? Mteja wa kinyozi akamuunga mkono, akarudi kumaliza kichwa chake.

Valvu mbili za silinda ya kwanza zikafunga. Nikamimina dawa ya kulainisha mkaa, ikatulia kama chai kwenye kikombe. Hapo ndipo unajua pamefunga. Nikasubiri, nikasugua kwa brashi ya waya, nikakwangua kwa bisibisi, nikanyonya tope lote kwa bomba la sindano na kipande cha mpira. Chuma kikang'aa! Nikapiga ukelele.

Mama mkwe: "Umejikata?"

Ijumaa, 7 Machi

Ya pili na ya nne tayari. Kopo la maziwa limejaa mkaa. Mke wangu kaninyima taulo, kanipa gunia. Mgongo umenigomea. Profesa anawaambia wateja wake wa mayai kwamba yeye ndiye anayeongoza kazi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemaliza!!! Ya tatu imekuwa rahisi kuliko zote. Nimemimina dawa, simu ikalia, mteja anataka kuhamisha kitanda Jumatatu, tukabishana juu ya ukubwa wa kitanda. Narudi — dawa hakuna. Nikasema hii leo kali, imekula mkaa ikashiba. Nikasugua, mkaa ukatoka wenyewe, hata haukuhitaji kunyonywa sana. Bomba nimerudisha. Boliti kumi. Ya kumi na moja bado iko kwa Mungu.

Nimewatangazia wote: iko tayari! Kinyozi kapiga makofi. Shemeji kapiga simu, kesho atafika saa sita mchana.

Saa kumi na mbili jioni. Nimeketi na chai, nikaitazama tena ile video, kwa raha zangu tu. Jamaa anamimina dawa, dawa inazama, jamaa anatikisa kidole: hapana, hapana, hapana.

Haikuliwa ile dawa. Imezama. Valvu ilikuwa wazi. Na mkaa niliosugua umeifuata dawa huko huko ndani ya silinda.

Chai imepoa hapa.

Nimekwenda kwa fundi wa kona, nikamuuliza kama swali la rafiki yangu. Kasema rafiki yako asiwashe. Pistoni ikipanda ikakuta maji, maji hayabanwi, chuma ndicho kinapinda. Atoe plagi, anyonye, akaushe. Halafu akasema mpe pole rafiki yako, na aoshe mikono.

Giza limeingia. Kesho saa moja asubuhi, kabla hajaja mtu.

Jumapili, 9 Machi

Kafika saa kumi na mbili u nusu!! Eti kadamka kukwepa foleni. Nilikuwa naswaki.

Kaizunguka pikapu, mikono nyuma. Mama mkwe kamwonyesha kopo: "Huu mkaa kautoa shemeji yako. Wewe ulikaa nayo mwaka mzima kabla yake, ulitoa nini zaidi ya redio?" Kacheka kidogo, karekebisha kola. "Haya shemeji, washa tusikie."

Profesa yuko uani. Kinyozi yuko uani. Nikasema ngoja nilete ufunguo.

Ufunguo uko mfukoni. Niko kitandani naandika. Nikiwasha, naiua injini ya mama wa watu. Nikisema ukweli, inaondoka na viatu vya kung'aa. Dirisha lina nondo.

Kaingia mama mkwe. Kafunga mlango.

"Ile ya tatu, umeinyonya?"

Nikafunga daftari.

"Nilikuwa kwenye kigoda, baba. Niliiona dawa inazama, nikadhani ndivyo mnavyofanya. Jana ulivyorudi kutoka kwa fundi na ile sura, nikajua sivyo, nikaenda kumuuliza mwenyewe." Kakaza kanga kiunoni. "Kutoa plagi na kukausha, dakika ngapi?"

Nikasema ishirini.

"Yule akioga ni nusu saa. Nimemlea mimi." Akatoka.

Namsikia huko nje: "Mwanangu, umetoka safari, maji ya moto tayari." Shemeji anasema hajatoka hata jasho. "Nimesema maji tayari." Viatu vinaelekea bafuni. Mlango umefungwa. Maji yanaanza kumwagika.

Naandika nimesimama. Spana ya plagi! Iko wapi spana ya plagi? Nachungulia dirishani — Profesa anajikunia nayo mgongo, anamweleza kinyozi jinsi alivyosafisha valvu.