Ng'ombe wa Baba Mkwe

Hyasinta we! Nina hasira, shoga yangu!

Si leo Olais kanipeleka bomani kwao kunitambulisha kwa baba yake? Mzee hajui Kiswahili. Na mimi tangu tuchumbiane Olais ananikaririsha maneno matupu ya Kimaasai: ng'ombe, maziwa, moja, mbili. Nikimwomba anifundishe kuunga sentensi, anasema, "Zitakuja zenyewe."

Hazikuja!

Mzee ananitazama, anangoja niseme. Ng'ombe ndio wanaingia zizini. Nikatumia nilichokuwa nacho. NIKAWAHESABU. Kwa sauti, Hyasinta! Ng'ombe wa mkwe!

Mzee akafoka. Nikashika maneno mawili tu: kuhesabu, kufa. Kumbe kwao mifugo haihesabiwi hivyo, ni kuiitia mikosi. Hilo Olais hakuniambia!

Nataka kuomba msamaha, sina sentensi. Nimebaki "baba... ng'ombe... baba..." Na Olais anaangalia viatu vyake. Hata kunitafsiria hakunitafsiria!

Tunarudi Karatu, Olais eti, "Lakini umeyatamka vizuri."

Nikamtukana kwa Kiiraqw chetu, sentensi nzima. Akatabasamu, akidhani namshukuru.

Miaka yote hii hajawahi kuniuliza hata salamu ya kwetu.