Mwanafunzi Anayeingia kwa Tundu la Uzio

Mpendwa Mama Nthabeleng, leo msaada naomba mimi, ambaye kwa kawaida ndiye ninayeombwa, maana jambo hili limekishinda hata kichwa changu, na kichwa changu si cha mchezo, nimechimba dhahabu Welkom miaka kumi na tisa, nimetandika vigae kwenye hoteli za Durban, shule niliiacha darasa la tano lakini dunia nimeimaliza. Sasa nipo nyumbani Leribe nafundisha mozaiki, yaani kupanga vipande vya vigae na sahani zilizovunjika mpaka vitoe picha, kibanda cha kazi kiko nyuma ya nyumba na bustani nzima nimeipamba, viti, beseni la ndege, hadi ukingo wa kisima, na kwenye njia ya kuingilia nimeandika MOHAPI kwa vigae vya buluu, herufi ndefu kama mtu aliyelala, huwezi kufika darasani bila kulikanyaga jina langu.

Nina wanafunzi sita, wote wanawake, wote wananipenda, isipokuwa mmoja. Anaitwa 'Makatleho, ameolewa juzijuzi wakati wa mavuno ya mtama na mtoto wa Mohapi mwingine, yule mwenye kinu, somo yangu huyo, ila mwenye sifa ni mimi. Binti huyu njiani hapiti. Anapenya tundu la uzio karibu na kabichi, blanketi begani, kama kuku wa jirani. Wenzake wananiita Ntate Mohapi, yaani Baba Mohapi, yeye ananiita "mwalimu" tu, tena macho chini. Nikawapa zoezi wapange jina la mwalimu wao, yeye akapanga jogoo.

"Na jina langu liko wapi?"

"Mwalimu, leo jogoo huyu ananitosha."

Lineo, mwanafunzi wangu mkongwe mwenye ulimi, akapiga makofi. "Ntate Mohapi, umepata mwenye macho! Sisi tumeandika jina, mwenzetu kakuchora mwenyewe!"

Nilicheka kwa meno tu, Mama. Sasa vigae vya buluu vinapungua kwenye ndoo. Sawa, kila anayeisifia bustani yangu namtilia konzi mfukoni, mimi si mchoyo, lakini ndoo imefika chini! Mtu asiyepita njiani, asiyekutazama, asiyetaja jina lako, anaficha nini? Jumapili naenda kwa mama mkwe wake kumwambia amekaribisha mwizi. Ila moyo unaniuma, maana sijaona anayekata kigae kama yeye. Nifanye nini?

Mohapi, fundi, Leribe

Ntate Mohapi, Jumapili kaa kwako. Ukifika uwanja wa watu na neno "mwizi" mdomoni, binti yule atarudishwa kwao, na ndoa si sahani, ikivunjika hutaipanga upya kwa saruji.

Dunia umeimaliza, nyumbani umepasahau. Wewe Msotho gani? Mama yako alilitaja lini jina la baba mkwe wake? Umeandika kwa mkono wako kwamba baba mkwe wa 'Makatleho ni somo yako. Bi harusi halitamki jina hilo, na aliyelelewa vizuri hatalikanyaga kwa kiatu, sembuse kulipanga kwa vidole vyake. Nawe umelilaza njia nzima, kisha unashangaa mtu anapita kwenye kabichi! Kila siku ya darasa anachana sketi kwenye waya ili ajifunze kwako. Hiyo unaiita dharau?

Na hiyo buluu? Unagawa konzi kwa kila mwenye sifa, na Leribe haina upungufu wa waongo wenye mifuko mikubwa. Siwezi kuapa kwa niaba ya mtu nisiyemjua. Funika ndoo, acha kugawa mwezi mmoja, usimwambie mtu, ndipo tuzungumze habari za wizi. Pole lakini, ninajua ulivyoumia. Mwenye mikono mizuri akikukwepa, inauma.

Kesho toa waya pale kwenye tundu. Weka mlango mdogo na jiwe bapa la kukanyagia, na juu ya jiwe hilo usiandike kitu. Usimwite 'Makatleho umhoji, utamwaibisha bure. Lineo akianza maneno, mpe saruji achanganye. Na mlango ukiwa tayari, upite wewe kwanza, wanafunzi wote wakikuona, kisha waambie kuanzia leo sote tunaingilia hapa.