Kisima Katika Mihogo ya Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 7 mwezi wa 7. Wamaza.
Mapigo mengi leo. Ramazani, mkuu wa wachimbaji, anapiga nyundo juu ya bamba la chuma. Vipokezi tulivyochomeka ardhini vinanasa mtetemo, mimi naandika. Anasema tunaiadhibu ardhi bila kosa. Mgongo unauma. Nina furaha.

Kijiji kinanitazama kwa adabu mno, na sababu naijua. Mwaka jana niliwaambia wachimbe kisima nyuma ya kituo cha afya. Wiki tatu za jasho. Mwamba mtupu, hata tone. Nikikosea tena sirudi hapa, ingawa mke wangu kazaliwa hapa.

Jumatano, tarehe 9. Kasongo.
Pikipiki tangu alfajiri hadi mjini. Vumbi mpaka kwenye meno. Mtandao ulikubali saa nane, data zimekwenda. Mwalimu wangu wa zamani, aliye ng'ambo, amenipatia nafasi kwenye kompyuta ya kwanta, aina mpya inayotafuta jibu bora kati ya mengi mno.

Nimeikata ardhi vipande vya mraba kama ukurasa wa daftari la hesabu. Kila kipande ni mwamba au ni udongo laini. Mpangilio upi unaeleza mtetemo tulioupima? Mipangilio haihesabiki. Kompyuta yangu ndogo huanza na makisio yangu, hurekebisha kidogo kidogo, kisha hukwama kwenye jibu la karibu. Na makisio ya mwaka jana yalikuwa tamaa tu: nilitaka maji yawe karibu na wagonjwa. Kompyuta ikanipa nilichotaka. Mpumbavu nilikuwa mimi.

Jumamosi, tarehe 12. Kasongo.
Majibu yamefika. Kwanta haikuniuliza naonaje. Imejaribu tena na tena, na majibu bora karibu yote yanafanana. Kituoni, mwamba. Mashariki yake, bonde lililofukiwa, udongo laini hadi mita kumi na mbili hivi. Maji hupenda mahali kama pale. Nimekokotoa upya muda wa mawimbi ya mtetemo kwa mkono wangu. Jibu hili linalingana na vipimo kuliko lolote nililowahi kupata.

Nimecheka peke yangu. Halafu nikaangalia ramani. Katikati ya bonde ni shamba la mihogo la mama mkwe. Nimeacha kucheka.

Jumapili, tarehe 13. Wamaza.
Mkwe hamwombi mama mkwe uso kwa uso. Nimekaa nyuma ya jiko, mke wangu Mwamini akapeleka maneno. Jibu nililisikia lote. Mama alihakikisha nalisikia.

"Umwambie bwana yako, mwaka jana pia alikuwa na mashini yake. Mimi nilitwanga mihogo ya kulisha wachimbaji. Sasa anataka na shamba?"

Nikasikia akichochea moto.

"Wachimbe. Lakini kama maji haiko, yeye mwenyewe atafukia ile shimo. Na jembe yangu."

Aibu tupu. Na bado nampenda yule mama.

Jumatatu, tarehe 21.
Mita saba. Udongo mwekundu, laini, mkavu. Mihogo michanga imeng'olewa, imelala pembeni. Sipendi kuitazama. Ramazani kaniuliza kama kwanta imekunywa maji yote. Nimecheka, nikaenda kuikagua ramani tena.

Jumamosi, tarehe 26.
Mita tisa. Unyevunyevu. Halafu mtaimbo ukagonga jiwe. Ramazani akahangaika nalo saa nzima, likang'oka: jiwe tu, si mwamba. Chini yake mchanga wenye maji maji. Nimekaa chini kwenye udongo. Jembe la mama mkwe lilikuwa limeegemezwa ukingoni tangu asubuhi. Hakuna aliyesema nani kalileta.

Ijumaa, tarehe 1 mwezi wa 8.
Maji yalikuja jana, mita kumi na moja.

Leo nilitaka kupima mstari mmoja zaidi wa vipokezi kando ya kisima, kwa ajili ya mwalimu wangu. Haiwezekani. Vipokezi husikia hata hatua ya mtu, na hatua hazikatiki. Nimengoja utulivu tangu saa mbili. Skrini imejaa miguu ya watu. Mama mkwe amepita mara tatu na ndoo kichwani, na kila akipita mistari ya mtetemo inaruka.

Nimekunja nyaya za vipokezi, nikakaa pale pale.