Salamu Zilizomkosesha Koku Chuo

Wamemkataa Koku! Chuo kimemkataa mwanao, na nafasi yake keshapewa mtu mwingine.

Nimeanza na hilo kabla ya salamu, Baba Koku, na najua hapo ulipolala kati ya migomba yako umeshakunja uso. Kunja tu. Salamu ndizo zilizotuponza.

Ule mtihani wa Kiingereza ninaokusimulia kila nikija kupalilia kaburi, ule wanaoutaka vyuo vya nje hata kama mtoto kaongoza shule nzima, aliufanya. Kusikiliza, kafaulu. Kusoma, kafaulu, na si kidogo. Kuongea, yule mzungu aliyemhoji alicheka naye mpaka muda ukaisha. Huyo ni mwanangu, nani hapa Songambele atabisha? Kuandika ndiko kulikopungua nusu alama. Nusu! Na chuo kinataka kila sehemu ifike. Ziada ya huku haizibi pengo la kule.

Unajua walimwandikisha nini? Barua ya kumlalamikia meneja wa hoteli kwamba bomba la chumbani linavuja, halafu insha. Koku akaandika kama ulivyomfundisha.

Unakumbuka ulivyokuwa ukimkalisha kwenye benchi la barazani, kadogo kabisa, amwandikie shangazi yake wa Murongo? Siku moja alianza, "Shangazi, naomba viatu." Ukamrudishia karatasi.

"Hujamuuliza kaamkaje, unataka viatu? Shangazi yako ni duka?"

Akaandika upya: hujambo, wazee, watoto, mvua, yule ng'ombe aliyekuwa mgonjwa. Viatu vikaja mwisho, kwa aibu kidogo. Ukanisomea kwa sauti huku namenya ndizi, nami nikapiga kigelegele. Barua ile niliisifia hadi Nyakahanga, kwenye foleni ya kliniki, kwa watu wasionijua.

Basi akamsalimia meneja. Akamuulizia wazee, watoto, na mvua za kwao. Bomba akaligusa mwishoni, taratibu, asimuudhi. Alipogeukia insha muda ulikuwa umekwenda, akaiacha njiani.

Nilimwendea mwalimu wake wa Kiingereza nikamwambia wamekosea kusahihisha.

"Mama Koku, Kiingereza chake ni safi," akasema. "Ila msahihishaji hataki habari za watoto wa meneja. Anataka bomba."

"Kwa hiyo adabu inakatwa alama?"

"Haikatwi, mama. Haihesabiwi tu, na inakula muda."

Haihesabiwi! Hapa kwetu hata anayekuja kugombea mpaka wa shamba hupewa kwanza punje za kahawa za kutafuna. Na kinachonikaba zaidi ni kwamba meneja mwenyewe hayupo, ni mtu wa kutungwa. Mwanetu kapoteza chuo akimjulia hali mtu asiyekuwepo. Huwa nacheka, halafu nakumbuka na mimi namwandikia nani, kicheko kinakata.

Koku anasema atarudia mtihani mwakani, atajifunza kuandika kikavu kama wanavyotaka. Ataweza. Ana akili kuliko watoto wote niliowahi kuwaona, na nimeona wengi. Ila jana nimeona ujumbe aliomtumia shangazi yake kwenye simu: "Shangazi, sherehe haipo. Usije." Hata hujambo hamna. Kukataliwa na chuo sikulia, Baba Koku. Hapo ndipo nilipolia.

Sherehe yenyewe ni hii: chuo kilishamkubali kwa sharti la mtihani huu, nami na mdomo wangu nikaalika ukoo mzima kuja kumuaga. Ndizi za pombe ya rubisi zimeshakamuliwa. Mdogo wako akaja na ushauri wake: "Shemeji, tuahirishe. Tuseme mtoto ana malaria." Nikamwambia malaria augue yeye. Shangazi nimempigia mwenyewe, anakuja.

Haiahirishwi. Barua ya meneja Koku anaikumbuka yote. Atasimama hapo uani aitamke kwa Kinyambo chetu, na ukoo mzima umwitikie kila salamu, wazee, watoto, mvua, bila kumharakisha, mpaka afike kwenye bomba lake.

Nawe umeamkaje huko, mume wangu? Migomba yako imezaa vizuri. Kahawa imechanua.

Ni Jumapili hii, ibada ikitoka. Wote wanakuja.

Mkeo,
Mama Koku