Mpira Unaorushwa Bila Kupigwa

Mke wangu mpendwa, Mama Rispa,

Pokea salamu zangu za heshima, pamoja na za binti yetu Rispa, za mjukuu wetu Nekesa, na za majirani wa hapa mtaani Ziwani ambao hata sasa wakipita mlangoni hupunguza sauti. Naomba radhi kwa kuchelewa kukuandikia. Tangu tulipokupeleka nyumbani kukuzika, kila niliposhika kalamu mkono ulitaka kuanza kwa kukuuliza hali yako, nami nikaiweka chini. Leo sina budi. Nina wasiwasi, na nilizoea kuwa na wasiwasi mbele yako.

Kesho asubuhi mwalimu wa michezo wa shule moja ya bweni atawatazama wasichana wanaocheza mpira wa wavu. Atakaowachagua watasoma huko bila karo. Nekesa ameitwa, na Rispa amenieleza waziwazi kwamba njia nyingine ya kumpeleka shule ya upili hana. Na Nekesa, Mama Rispa, hawezi tena kuanzisha mpira. Kila akiupiga unagonga wavu. Ni mtoto yuleyule uliyemwacha akiupitisha juu ya kamba za nguo huku akicheka.

Ni mimi niliyemharibu. Niwie radhi, nitakueleza.

Ulipoondoka, wasichana uliokuwa ukiwafundisha mpira walikuja wakasimama mlangoni, wakaniomba niwashikie filimbi mpaka apatikane mtu. Sikuweza kuwakatalia. Nilichokuwa nacho ni mazoezi ya viungo ya shule ya misheni: mistari iliyonyooka, mikono juu, moja, mbili. Nikaona nitaipanga vizuri kazi uliyoiacha.

Wewe hukuwa na mistari. Ulifunga kamba kati ya milingoti ya kuanikia nguo, leo juu, kesho chini, siku nyingine imelegea upande mmoja, na nilipotoa maoni kwamba haiko sawa ulinijibu, "Baba Rispa, ni wapi uliona mpira ukija sawa?" Uliwapa mpira mpya, kisha ule uliopungua upepo, kisha uliolowa. Uliweka karai la maji upande wa pili ukawaambia, "Nirushieni maji mpaka ukutani." Mama Odongo alipiga kelele dirishani, "Shuka yangu hiyo! Mkiichafua mtanifulia mpaka za mume wangu!" Wakacheka, wakalenga zaidi. Sikuwahi kukusikia ukimwambia mtoto kiwiko chake kiko wapi. Nilidhani ni mchezo tu, na kwamba mafunzo yenyewe yangefuata.

Basi nikamkatia Nekesa pigo lake vipande, jinsi tulivyochanganua sentensi ubaoni. Kwanza kurusha mpira tu, bila kuupiga. Kisha mkono, bila mpira. Kisha hatua. Kila kipande alikifanya kwa unadhifu uliofurahisha macho, nami nikajiona mwalimu. Tulipoviunganisha, vilikataa kuwa kitu kimoja.

Nikavuta kiti nikatazama, maana kutazama bado naweza. Mpira anaourusha bila nia ya kuupiga hupanda juu sana na kuanguka mbele yake. Ule anaourusha akikusudia kuupiga ni mwingine kabisa. Ni wa chini, uko karibu na bega, na mwili umekwisha kuanza kugeuka kabla haujatoka mkononi. Kumbe kwa bidii yangu yote, na kwa upole wangu wote, nilikuwa nimemfundisha kurusha mpira ambao hakuna atakayeupiga.

Jana alasiri nilitoka sokoni Gikomba kumtafutia viatu, nikamkuta uani na watoto wa jirani wakimdhihaki. Unisamehe, nayaandika maneno yao jinsi walivyoyasema. "Neke, hiyo mkono umeazima wapi? Rudishia mwenyewe!" Akawajibu kwa lugha ambayo sitaiandika, akapiga. Mpira ukapita juu ya kamba. Akapiga tena, ukapita. Kisha akaniona. Akanyoosha kiwiko kama nilivyomwelekeza, akavuta pumzi, na mpira ukagonga kamba ukarudi miguuni pake. Wale watoto wakanyamaza. Ningependa wangeendelea kumcheka.

Nilimwahidi Rispa kwamba tangu sasa sitasema neno. Akaniambia, bila ukali, "Baba, hata ukinyamaza midomo yako inahesabu." Nilikwenda kujitazama kwenye kioo. Ni kweli.

Nikaamua nisiende kesho. Leo asubuhi nilimwita Nekesa nikamweleza uamuzi huo kwa maneno niliyokuwa nimeyapanga. Alinisikiliza akifunga kamba za kiatu.

"Kuka, wacha hizo," akasema. "Kukhu angekuja. Wewe kuja tu, lakini usiniambie kitu."

Bado anakuita Kukhu kana kwamba uko jikoni.

Kisha akauliza bila kuinua uso, "Na nikikosa?"

Nilikuwa na majibu mengi, Mama Rispa, na yote yalikuwa ya kiwiko. Nikayameza. Nikamwambia, "Ukikosa, tutarudi nyumbani tule."

"Kuku ama omena?"

Nikasema kuku. Sijui kama hilo ndilo jibu alilolihitaji. Wewe ungejua. Mimi tangu asubuhi nalirudia kichwani nikitafuta mahali nilipokosea.

Nakuahidi kwamba nitakwenda. Nitakaa mahali atakaponiona bila kunitafuta, na nimenunua njugu karanga za kutafuna, kwa kuwa nimejaribu na kuthibitisha kwamba nikitafuna siwezi kuhesabu. Na matokeo yakiwa yoyote yale, Jumatatu nitaondoa mistari ya chokaa niliyoichora uani, nami nitamwomba Mama Odongo afungue dirisha lake.

Lala salama, mke wangu. Nisamehe urefu wa barua na unyonge wake. Mungu akutunze mpaka nitakapokuja mwenyewe.

Barua hii itachukuliwa na Fanisi, mke wa ndugu yangu, anayesafiri leo jioni kwenda nyumbani. Atakusomea kaburini kwa sauti. Ameniuliza kama angoje hadi kesho, ili akuletee na habari za Nekesa. Nimekaa nikifikiri mpaka chai yangu ikapoa. Nimemwambia aende.

Mumeo,
Baba Rispa