Tulivyomwombea Baba

Porto,
Jumatatu, 25 Septemba

Dada yangu mpendwa Deolinda,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe pamoja na shemeji Raul na wale wapwa zangu wawili ambao nasikia sasa wananipita kwa urefu. Natumaini barua hii itawakuta nyote wazima huko Luxembourg, na kwamba mgongo wako umepata nafuu tangu walipokupunguzia zamu. Mimi ni mzima kabisa, ila miguu yangu ni ya zambarau mpaka magotini, na nimeisugua kwa sabuni na ndimu bila mafanikio. Sababu utaijua ukinisoma polepole. Usiruke mistari, Deolinda. Nakujua.

Barua yako ya mwisho ilininyima raha. Uliniandikia kwamba baba ameletewa karatasi za kuwauzia shamba wale majirani wenye shamba kubwa, kwamba goti lake halimpandishi tena kwenye matuta ya juu, na kwamba zabibu za mwaka huu zikikauka kwenye mizabibu kwa kukosa mchumaji, atatia saini kabla mwezi haujaisha na kuhamia nyumba ya wazee kule Régua. Ukaniomba, kwa vile mimi ndiye niliye karibu na ndiye ninayemtembelea, nikazungumze naye. Nilikujibu kwa mstari mmoja tu kwamba nitakwenda. Sasa nakueleza nilivyokwenda.

Jumanne iliyopita nilikuwa na wageni sita wa safari ya kutwa, kama kawaida: tunaondoka hapa saa mbili asubuhi, tunaonja mvinyo, tunatazama bonde, tunapanda mashua, tunakula, tunarudi. Walikuwepo maharusi wawili wa Denmark walioshikana mikono tangu Porto bila kupumzika, na marafiki watatu wa Uholanzi ambao kila nilichowaonyesha waliniuliza kina mita ngapi. Wa sita alikuwa Bi Zulmira, mshonaji mstaafu kutoka Brazili, ana miaka sabini na tisa, amezika waume wawili na haogopi mtu. Alikaa kiti cha mbele bila kuniuliza. Kabla hatujatoka mjini alishajua sina mke, akataka kujua kisa, nami nilipomwambia kazi ni nyingi akaniambia, "Mwanangu, hata Papa ana kazi nyingi, lakini yeye angalau ana sababu."

Saa tano tulifika pale kilimani pa kutazamia bonde. Unapakumbuka, ndipo baba alipokuwa akimsimamisha punda tupate kupumua. Wageni walikuwa wameshaonja mvinyo na nyuso zimechangamka. Niliwaonyesha mto unavyojipinda, kisha, kama ninavyofanya kila safari, nikawaonyesha ng'ambo ule ukuta mweupe wa kwetu na kile kijumba cha kuombea roho za marehemu ambacho bibi alikijenga ukutani, nikaanza kusimulia habari za mzee Armindo.

Hapa kalamu inakuwa nzito, lakini nitaandika. Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii, mama mmoja aliniuliza lile shamba dogo lenye ukuta mweupe ni la nani. Nikamwambia lilikuwa la baba yangu. Nilisema "lilikuwa" kwa kuteleza ulimi, naapa. Akanishika mkono, akanipa pole ya msiba. Na mimi, badala ya kumsahihisha, nikaipokea. Safari iliyofuata nikasimulia tena, nikaongeza jeneza lililoshushwa mtoni kwa mashua. Kufikia mwaka wa tatu marehemu alikuwa amekata roho ndani ya hodhi la kukanyagia zabibu, huku akiimba. Deolinda, nimemuua baba mara tatu kwa wiki, kuanzia Machi mpaka Oktoba, kwa miaka sita. Naona aibu hata kuandika.

Unakumbuka aliyoniambia siku ile, wiki mbili baada ya kumzika mama, katikati ya mavuno: nikitoka kwenye lango lile, nimhesabu amekufa. Nikatoka. Wewe ulidhani tulipatana ile Krismasi. Hatukupatana. Mpaka Jumanne hiyo sikuwa nimelivuka lango lile tangu siku ile. Najua hapo ulipo umeshasimama, umeshika kiuno, unauliza: na zile Jumapili zote ulizoniandikia kwamba umekula naye? Kaa kitako. Jumapili nitazifikia.

Wageni wote waliposikia hadithi walijipangusa macho, isipokuwa Bi Zulmira. Yeye alikuwa anakitazama kijumba. Akaniuliza kama si kweli kwamba kwetu mtu hapiti mbele ya kijumba cha namna ile bila kuwaombea waliomo. Nikakubali kwamba ni kweli. Akasema basi twende. Nikamwambia mashua yetu inaondoka saa sita. "Mashua haina roho," akanijibu. "Baba yako anayo." Yule bibi harusi wa Denmark alishaanza kuchuma maua kando ya barabara. Wewe ungefanyaje? Nani wa kwetu angekataa Baba Yetu moja kwa marehemu, tena marehemu aliyemzaa? Nikapiga hesabu haraka haraka: kijumba kiko upande wa nje, saa sita baba anakula, tutaomba dakika mbili na kuondoka. Nilisahau kwamba wakati wa mavuno baba hali saa sita. Kweli nimekuwa mtu wa mjini.

Tulivuka mto, tukajipanga ukutani, kofia mikononi. Bi Zulmira aliongoza kwa sauti ya kanisani, na alipolitaja jina la Armindo tu, lango likalia kando yetu. Baba alitoka na ndoo mkono mmoja, mkasi mkono wa pili. Amepungua, dada. Kofia ni ile ile, lakini sasa inamfika masikioni. Alituuliza tunamwombea nani. Bi Zulmira akamweleza kwa upole kwamba tunamwombea mwenye shamba hili, marehemu Armindo, na kwamba huyu hapa ni mwanawe.

Nilisubiri ndoo initue kichwani. Baba alinitazama kuanzia viatu kwenda juu, taratibu, kama anavyomkagua punda wa kununua. Kisha akaweka ndoo chini, akavua kofia. "Maskini Armindo," akasema. "Nilimjua sana. Endeleeni, endeleeni, anazihitaji." Akasimama kando yangu na kuomba pamoja nasi mpaka mwisho, kwa sauti, akijiombea pumziko la milele. Sijawahi kumsikia akisali kwa bidii namna ile, hata siku ya mama.

Tulipomaliza, Bi Zulmira alimuuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Wale wengine, wasiojua Kireno, nao wakataka kusikia, kwa hiyo ikanibidi nitafsiri. Fikiria hali yangu: baba anasema, mimi natafsiri, sentensi kwa sentensi. Akasema Armindo alikuwa mbishi kuliko punda wake. Nikatafsiri, Waholanzi wakacheka. Akasema alipofiwa na mkewe hakulia. Alitafuta mtu wa kumkasirikia, akampata mwanawe. Kijana alimwambia hawezi kuchuma kwenye tuta ambalo mama yake alizoea kuchuma, yeye akamwita mvivu mbele ya wachumaji wote. Nikatafsiri. Akasema kwamba tangu hapo, kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa tano, mzee huyo alikuwa akisimama uani kulitazama gari jeupe likisimama kule ng'ambo, akijua ni nani analiendesha. "Alidhani kijana anawaonyesha wageni nyumbani kwao. Kumbe anamzika! Na wa kulaumiwa ni yeye mwenyewe. Alimwambia amhesabu amekufa, na hiyo ndiyo amri pekee ambayo kijana yule aliwahi kuitii." Kisha akavaa kofia yake na kusema kwamba jambo baya kuliko yote ni kuwa Armindo alikufa kabla hajamwomba mwanawe radhi.

Hapo nilishindwa kutafsiri, Deolinda. Wale wa Denmark wakadhani sijui neno la Kiingereza, wakaanza kunipendekezea maneno.

Nilipofungua mdomo sikutafsiri. Nilimwambia yule mzee kwamba mwana wa marehemu naye alikosa, kwa kuwa aliondoka zabibu zikiwa bado vikapuni na hakugeuka nyuma. Baba akasema hilo ni kweli kabisa, tena alilisema haraka kuliko nilivyopenda. Kisha akaonyesha matuta ya juu kwa mkasi, akasema marehemu ameacha zabibu zimeiva kupita kiasi na hakuna wa kuzipandia. Bi Zulmira akanyoosha mkono na kuuchukua ule mkasi. Wengine walipata mikasi yao ghalani. Mashua ilituacha, na sikusikia hata mmoja akiiulizia. Wale maharusi waliachiana mikono kwa mara ya kwanza siku hiyo, ili kila mmoja abebe ndoo. Mimi nilipanda moja kwa moja mpaka tuta la mama. Nilichuma nikilia, na sikujificha. Baadaye baba alitupa supu ya mboga na mkate wa mahindi pale pale juu ya ukuta, akawaambia Waholanzi kwamba kama wanataka mita, wahesabu matuta ambayo bado hayajachumwa.

Sasa nakuja kwenye Jumapili zako. Nilikuwa naosha ndoo nyuma ya ghala, baba akanijia peke yake, wala hakunisalimu. Akaniambia, "Ile keki uliyoniletea Pasaka ilikuwa kavu." Niliogopa. Nilidhani akili imeanza kumtoka, kwa sababu mimi sikuleta keki, Pasaka wala siku nyingine. Ndipo akanieleza. Akasema wewe humpigia kila Jumapili jioni na kumuuliza kama nilifika, kwa kuwa mimi nimeshakuandikia kwamba nafika. "Nimwambie nini? Kwamba ndugu yake ni mwongo, na babaye ni mpweke, naye yuko mbali hivyo na mgongo unamuuma? Nikamwambia ulikuja. Nikamwambia ulikula sahani mbili." Akaniambia wakati mwingine alikuwa anabuni hata tuliyozungumza, na kwamba katika mazungumzo hayo mimi nilikuwa nakubali makosa yangu upesi sana.

Ndiyo maana mwaka jana uliniandikia nipunguze kula, nami nikashangaa umejuaje kama nanenepa au sinenepi!

Basi huo ndio ukweli wangu. Miaka sita tulikudanganya, mimi kwa barua na baba kwa simu, uongo ule ule, na sisi wenyewe hatusemezani. Najua utakasirika, na una haki. Nakuomba unisamehe, Deolinda. Nilitaka uwe na moyo uliotulia huko ugenini, na nilitaka pia, nakiri, usijue mimi ni mtu wa namna gani. Baba naye anaomba radhi, ila amesema atakuomba mwenyewe, nisimtangulie.

Njiani kurudi Porto wote walilala isipokuwa Bi Zulmira. Tulipokaribia mjini aliniambia, bila kunitazama, kwamba marehemu ana masikio yangu. Nikaanza kujieleza, akanikatiza. "Mwanangu, nimezika wawili. Najua maiti inavyoonekana." Nilipowafikisha hotelini niliwaambia na wengine ukweli wote. Mmoja wa Waholanzi aliniambia safari hii ilikuwa nzuri kuliko ile ya mashua, na yule bibi harusi alinikumbatia kwa nguvu kuliko alivyonikumbatia nilipokuwa yatima.

Jumamosi nilibadilishana zamu, nikapanda na madereva wenzangu wawili, na Bi Zulmira akiwa amevaa aproni kabisa. Saa tisa alasiri hapakuwa na kishada cha zabibu juu ya matuta. Kisha baba akafungua mlango wa hodhi. Unajua miaka hii yote alikuwa anawauzia majirani zabibu mbichi, na hodhi limekaa kavu, kwa sababu hakuna njia ya kukanyaga peke yako. Lazima mstari, na mkono begani kwa mwenzako, la sivyo unaanguka. Tuliingia watano. Baba alishika nafasi yake pembeni, nami nikasimama karibu naye, kwa kuwa pale ndipo palipobaki wazi. Hakuniangalia. Aliuweka mkono begani kwangu, na kwa sababu ya lile goti aliniegemea kwa uzito wake wote. Akaanza kutuhesabia, kushoto, kulia, kushoto, kulia, sauti ile ile ya tulipokuwa watoto. Tulikwenda hivyo muda mrefu, zabibu zikipasuka chini ya nyayo. Kisha, katikati ya hesabu, akanibana bega na kusema polepole, "Kushoto. Kulia. Kumbe umenenepa kweli."

Zile karatasi hajazichana. Nilipoingia jikoni niliziona zimekunjwa mara nne na kuwekwa chini ya ule mguu mfupi wa meza, ile iliyokuwa ikimtia mama wazimu. Meza haiyumbi tena. Aliniambia tu kwamba mizabibu inapunguzwa Januari na yeye hapandi ngazi, nikamwambia Januari kazi zangu za wageni zimelala.

Basi, dada, nakuomba Jumapili hii umpigie kama kawaida, umuulize kama nilifika. Nitakuwa mezani, na keki nimeshaiagiza. Msikilize atakavyosema ni kavu, umwamini.

Nisalimie shemeji, na hao warefu wawili waambie babu yao amefufuka na anawasubiri Krismasi. Na wewe uwe na afya njema, mgongo na moyo, mpaka tuonane hapa lilipo lango.

Ndimi mdogo wako, mwongo aliyestaafu,

Hélder