Mstari Nilioacha Kwenye Nakala ya Mume Wangu

Mpendwa dada mshauri,

Salamu nyingi katika jina la Mwenyezi Mungu aliyetuamsha wazima. Hujambo? Juma lililopita waliandika gazetini kwamba kifua kinakusumbua na safu yako ikakosekana, nikakuombea, natumaini sasa unapumua vizuri maana na mimi nakuhitaji. Mimi ni mama wa makamo, shule niliishia kidato cha pili, kwa hiyo nivumilie nikizunguka. Pombe sijawahi kuionja, naimba kwaya, na kilichonifanya nishike kalamu ni mashine ya kutengeneza bia. Usicheke kwanza, naomba msaada kweli.

Mume wangu mtaa mzima unamwita Fundi, maana miaka thelathini alikuwa fundi umeme kiwandani, na alipostaafu binti yetu anayefanya kazi mbali akamletea zawadi, mtungi mrefu wa chuma unaotumia umeme, unapasha maji, unayazungusha kwa pampu, unachemsha, unapoza, yote humo humo, una kikapu cha nafaka ndani na kioo cha namba mbele, ili baba yake ajitengenezee bia nyumbani aache kuzunguka baa. Mimi nilinung'unika, halafu nikasema moyoni afadhali anywe glasi zake mbili hapa nikimwona, na kama nilikosea hapo Mungu anisamehe. Kijitabu cha maelekezo akakirusha juu ya kabati, akasema kitu chochote chenye waya yeye hasomewi. Basi akamwaga kimea chote, ile nafaka iliyooteshwa na kusagwa, kikapuni bila kuweka kichungio, ile sahani ya matundu inayokaa chini, unga wote ukashuka mpaka kwenye chuma cha moto, ukaungua, pampu ikaziba, mashine ikajizima yenyewe. Badala ya kujiuliza kwa nini, akaupindua mtungi, akafungua kitako, akakuta kile kidude kinachokata umeme joto likizidi, akakiondoa akaunganisha waya moja kwa moja, akasema mchawi alikuwa huyu hapa. Nyumba ilinuka masizi mpaka nikafua mapazia.

Aliyesugua kile chuma ni mimi, kwa magadi na siki, nimepiga magoti jikoni, na ndipo nilipoona ule unga ulioganda nikaelewa. Nikapanda kiti nikashusha kijitabu. Lugha yake ngumu, nikatafuta kamusi aliyoiacha binti yetu, nikawa kila asubuhi baada ya sala nasoma ukurasa mmoja, neno kwa neno, naandika kwenye daftari langu kwa maneno yangu. Kwamba kichungio kwanza. Kwamba maji yafike nyuzi sitini na saba ndipo kimea kiingie kidogo kidogo huku unakoroga kama uji usifanye madonge. Kwamba saa nzima pampu izungushe, usiguse. Kwamba kikapu ukikinyanyua kiache kichuruzike chenyewe, usikikamue. Kwamba povu likianza kupanda simama hapo hapo na mwiko wako, hata mgeni akibisha hodi mwambie asubiri. Kwamba hamira isiingie mpaka maji yapoe, ukiiweka kwenye moto umeiua, na hilo nilikuwa nalijua tangu nilipokuwa naoka mikate. Dada, nitakuambia na aibu zangu, nilipenda. Sinywi lakini napenda ile harufu ya kimea, na napenda namba zikikaa pale nilipozipanga. Nimekwishapika mitungi sita na yote imetoka safi. Fundi anajua ni mimi, anakaa kwenye kiti cha jikoni ananitazama na gazeti lake mkononi. Ila hajawahi kuniuliza kwa nini siku hizi haiungui. Anaamini ni ile waya yake.

Sasa sikia. Jumapili moja mchana walikuja wastaafu wenzake wanne, na jirani yetu seremala, wakakaa uani wakaonja, wakasifu weee. Mimi nimesimama na sinia. Seremala ni mtu wa utani lakini ana adabu, akaniuliza, "Shemeji, na wewe hiki chombo umeshakijua?" Nikafungua mdomo. Fundi akanijibia.

"Huyu? Huyu ni wa kuosha tu. Akibonyeza kitufe kimoja mtaa mzima utalala giza."

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Na mimi nikacheka, dada, hiyo ndiyo inayoniuma kuliko vyote, nilicheka na sinia langu mkononi. Hapo hapo wakakubaliana Fundi awafundishe, na seremala akatoa karakana yake kwa sababu ina nafasi na soketi nzito ya mashine za mbao, wakapanga Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu.

Kesho yake, hata chai hajamaliza, Fundi akaniambia nimnakilie daftari langu, akasema niandike kwa herufi kubwa kwa sababu mwandiko wangu unatambaa, halafu akasema, "Na jina lako usiweke huko juu. Watu watachanganyikiwa." Miaka ishirini na sita nimemfulia, nimemuuguza mama yake mpaka tukamzika, sijawahi kumjibu mbele za watu, na mtu huyo hakutaka hata jina langu likae kwenye karatasi niliyoiandika mimi. Nilikaa nikanakili kurasa zote kwa herufi kubwa kama alivyotaka, safi kabisa, na mstari wa kichungio nikauacha. Kwa makusudi. Nikampa. Amekwisha kuiweka kwenye bahasha, na hajui.

Nataka aunguze mbele yao, unga uungue, pampu izibe, seremala aone, na wale wanne waone, halafu mimi nitoke nyuma niseme kwa utaratibu kilichokosekana. Nimemwomba Mungu aniondolee hasira hii, haijaondoka, na kwaya naimba huku nimekaza meno. Je, ni dhambi kumwacha mtu aanguke kwenye shimo alilochimba kwa mdomo wake? Nimwambie au ninyamaze? Nakuomba sana unijibu upesi, Jumamosi hiyo haiko mbali.

Ni mimi,
Mwenye Daftari

MSHAURI ANAJIBU

Mwenye Daftari, dada yangu, kifua kimepoa, ahsante kwa maombi. Barua yako nimeitoa chini ya rundo nikaiweka juu, na sasa hivi utajua kwa nini.

Kwanza mume wako. Alichofanya uani ni uonevu, sina neno la kuulainisha. Mtu anayekaa na gazeti akimtazama mkewe akifanya kazi, kisha akasimama mbele ya wageni kuichukua kazi hiyo na kumfanya mwenyewe kichekesho, amekuibia, na alipokuambia usiweke jina amekuibia mara ya pili akiwa ameshiba chai yako. Hasira yako ni halali. Usiende kuomba iondolewe kabla haijakufanyia kazi yake.

Lakini wewe mama, ulisoma ulichoandika? Ulinieleza kwa kupita tu, kama mtu anayesimulia mapazia, kwamba kidude cha kukata umeme joto likizidi kimeondolewa. Mara ya kwanza unga ulipoungua mashine ilijizima. Jumamosi haitajizima. Chuma kitaendelea kuwaka chini ya uji ulioganda na hakuna kitu cha kukisimamisha, na umeniambia mwenyewe kwamba shughuli iko kwenye karakana ya seremala. Karakana ya seremala imejaa nini sakafuni? Maranda na vumbi la mbao. Na mtungi umejaa maji ya moto, umezungukwa na wazee watano wanaochungulia ndani. Wewe ulikuwa unapanga aibu. Ulichoandaa ni moto. Seremala aliyekuuliza kwa heshima kama unakijua chombo ndiye ambaye paa lake litakwenda, kama si uso wake.

Umeuliza kama ni dhambi. Hayo ya bia na Mungu wako peleka kwa kiongozi wako wa dini, mimi sina cheo hicho. Hili la kichungio halihitaji kiongozi, unalijua, ndiyo maana meno yamekaza.

Fanya hivi, na uanze leo. Gazeti hili ukishalikunja, kabla hujaweka sufuria jikoni, nenda mbele ya mume wako umwambie kwa mdomo wako: nimeacha mstari, nimeuacha makusudi, mstari ni huu, na nimeuacha kwa sababu ya ulivyonidhalilisha uani. Useme yote manne kwa pumzi moja. Ukimwambia la kichungio ukameza la uani, utarudi kwangu mwezi ujao na nakala nyingine mbovu. Atafoka. Mwache afoke, kaa hapo hapo.

Akimaliza, mwambie kidude kirudi mahali pake, tena kipya, na afunge mwenyewe, maana umeme ni kazi yake na hapo hakuna anayemzidi. Wewe usiguse tena mtungi huo hata kwa kupika wa kwenu mpaka kirudi, umepika sita juu ya hatari bila kujua na Mungu wako amekuvumilia. Na siku ya somo, Fundi aeleze waya na wewe ueleze kimea, ukiwa umesimama kwenye mtungi, daftari lako mwenyewe mkononi, mwandiko wa kutambaa na jina juu. Hilo si ombi la kubembeleza. Bila hilo hakuna somo.

Akikataa lolote kati ya haya, Jumamosi asubuhi chomoa waya wa mtungi, utie kwenye mkoba wako, nenda kwa seremala wewe, umweleze kwa nini. Shemeji huyo atakuelewa. Aibu utakayomletea mume wako hapo itakuwa ya ukweli, na hakuna atakayeungua.

Nitakaa sina raha mpaka nijue umeshamwambia. Tafadhali nijibu upesi.